Siku Nilipofungua Mashine ya Meneja

Nyie mnaoinuka mbele ya kompyuta na kuiacha wazi eti mnakwenda kununua vitumbua mara moja, nisikilizeni. Sitawachosha. Mimi mwenyewe siwezi kukaa kitako muda mrefu. Tangu nianze kuandika ukurasa huu nimeinuka mara tatu, mara moja kuangalia maharage jikoni na mara mbili bila sababu yoyote. Wajukuu wamezoea. Wanasema bibi hatulii hata akiwa amelala.

Naitwa Skola, yaani Skolastika, mzaliwa wa hapahapa Mbinga, na kwa miaka mingi nilikuwa mtunza kompyuta wa ofisi moja ya kahawa. Ofisi yenyewe haipo tena na jina lake halina haja. Nilianza kama mpiga chapa. Soko lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaanza kuingia vijijini na magari yao mapya, wakubwa wetu waliona aibu kuonekana watu wa zamani, wakaleta kompyuta nne. Mimi nilikuwa napiga taipureta haraka kuliko wenzangu. Basi wakaamua kwamba kompyuta ni ndugu yake taipureta, wakanikabidhi zote.

Mwalimu alitoka Dar es Salaam kutufundisha kwa siku mbili. Siku ya pili aliumwa tumbo akashinda nyumba ya wageni, kwa hiyo ujuzi wetu wote ulikuwa wa siku moja. Lakini siku hiyo moja alitufundisha jambo ambalo naona vijana wengi wenye vyeti hawalijui hadi leo. Kila mtu alipewa jina lake la kuingilia na neno lake la siri, hilo mnaloliita nywila siku hizi. Ukishaingia, mashine ni yako mpaka utoke. Ukitaka kwenda chooni huna haja ya kuzima. Unabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, unafunga. Skrini inaficha kila kitu na kuandika kwamba mashine imefungwa, na kwamba anayeweza kuifungua ni yule aliyeifunga au msimamizi. Ukirudi unaandika neno lako la siri, unakuta kila kitu kama ulivyokiacha, hata sentensi uliyoikatisha katikati.

Huyo msimamizi nilikuwa mimi.

Sasa hapa ndipo pa kusikiliza. Msimamizi akifungua mashine iliyofungwa na mwingine, haingii ndani ya kazi ya yule mwenyewe. Anamtoa. Mashine inafunga kila alichokuwa amekifungua, na kama kuna kazi ambayo haijahifadhiwa, basi imekwenda. Mwenye mashine akirudi ataona mara moja kwamba katolewa. Mwalimu alilisema hilo mara mbili, na mimi nililiandika kwenye daftari na kulipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Nataka mjue kwamba nililijua.

Wenzangu hawakupenda kabisa habari ya kufunga. Mtunza ghala wetu, Kapinga, mtu mnene wa vichekesho, aliniambia waziwazi, "Dada Skola, mimi nikifunga mashine wenzangu si wataona nawaita wezi?" Nilimwelewa. Huku kwetu mchana mlango unafungwa watu wakiwa safarini au wakiwa na ugomvi na jirani. Kapinga alitumia jina la binti yake kama neno la siri, na mtu akimwomba aingie kwenye mashine yake alilipaza kutoka ghalani mpaka barabarani wakalisikia: "Andika Gaudensia! Herufi zote ndogo!" Mpaka siku moja, akiwa ghalani, mtu fulani alikaa kwenye mashine yake iliyo wazi akamwandikia barua nzuri ya kuomba likizo ya wiki mbili. Barua ikapita kwa mabosi wote, ikasainiwa. Jumatatu Kapinga anafika kazini anaulizwa anafanya nini pale wakati yuko likizo. Alibisha, alipiga kelele, akaonyeshwa barua yenye jina lake. Akaenda likizo. Aliporudi alianza kufunga mashine hata akiwa amekaa mbele yake.

Aliyenifundisha kazi kwelikweli hakuwahi kugusa kompyuta. Alikuwa Mzee Ambrosi, fundi wa genereta, Mwanglikana wa Lituhi, mtu wa ziwa. Baridi ya Mbinga ilimtesa, akivaa koti zito hata saa saba mchana na kutulaumu sisi Wamatengo kana kwamba tuliileta sisi. Umeme wa mjini ulikuwa wa kuja na kuondoka, kwa hiyo ofisi nzima iliishi kwa genereta yake. Kabla ya kuizima alipita mlango kwa mlango, anagonga, anasema, "Nazima. Tayari?" Na alisubiri jibu. Kama karani alikuwa nje, alimtafuta. Sikumbuki hata mara moja aliyozima bila kuaga. Alikuwa anaweza kusikia kutoka mbali kwamba genereta inataka kukohoa, akakimbia na koti lake kabla haijakohoa.

"Mwanangu," aliniambia nilipopoteza ripoti ya kwanza, "hicho kitu chako kina akili lakini hakina kumbukumbu. Sevu kabla hujapiga chafya." Neno la kusevu alilichukua kwangu siku hiyohiyo, na tangu hapo akawa analitumia kwa kila kitu. Alisevu mafuta, alisevu chakula, alisevu hata maneno akiwa na hasira. Nilipojifungua mtoto wa tatu alituma usipa wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, kutoka kwao, mfuko mzima, tukala mwezi. Nilimwita Baba, na sikuwa natania.

Kisha ukaja mwaka wa kupunguza watu.

Wale ambao hamjawahi kukaa kwenye ofisi inayosubiri orodha, sijui niwaeleze vipi. Wanunuzi binafsi walikuwa wameichukua kahawa yote ya maana, na sisi tulikuwa wengi kuliko magunia. Tuliambiwa tu kwamba baadhi wataondoka na kwamba Meneja ataandika majina yeye mwenyewe. Meneja wetu, Bwana Masunga, alikuwa ametokea Mwanza, mtu mpole wa kuongea chini, na nadhani ile kazi ilimuumiza. Alijifungia chumbani anabonyeza kwa vidole viwili. Sisi tukawa tunapita kwenye korido bila shughuli. Kapinga aliweka sikio ukutani akawa anahesabu mibonyezo. "Hilo ni refu," ananong'ona, "hilo si langu." Baada ya dakika tano: "Mungu wangu, hilo lina herufi saba." Tulicheka, lakini kila mmoja alikuwa anahesabu herufi za jina lake. Mimi nilikuwa na watoto watatu na mume ambaye biashara ya vitenge ilikuwa imemshinda. Nilikuwa naharisha kila asubuhi, semeni mtakavyo.

Kila mtu alijua mimi ndiye msimamizi. Kwanza waliniuliza kwa utani kama nimeiona orodha, kisha bila utani. Shemeji yangu alikuja nyumbani kwa niaba ya rafiki yake. Hata Meneja aliniuliza, wiki moja kabla, akiwa ananisainia karatasi ya wino: "Bi Skola, hivi wewe unaweza kuona kila kilichohifadhiwa humu ndani?"

Nikajisifu. "Kila kitu, Mzee. Hakuna kinachonishinda."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kusaini.

Alhamisi asubuhi zikafika habari kwamba mama yake Hyera, dereva wetu, amefariki Kitura. Huo ulikuwa msiba wa ofisi. Hakuna aliyeuliza kama tunakwenda. Lori lilitolewa, akina mama wakaweka unga na kuni, watu wakaanza kupanda. Meneja alikuwa katikati ya kuandika. Nilikuwa mlangoni kwake nilipomwona anainuka, anabonyeza vile vitufe vitatu kama nilivyomfundisha, anachukua koti. Akapita kwa Mzee Ambrosi akamwambia, "Mzee wangu, nisamehe, wewe hutakwenda kuzika. Usizime mpaka nirudi. Nina kazi imebaki wazi." Mzee Ambrosi akasema sawa, akavuta kigoda chake karibu na genereta.

Kapinga alinishika mkono nyuma ya lori. "Baki."

"Nibakije? Hyera atanionaje?"

"Tutamwambia mtoto wako anaumwa. Dada, watu hawalali. Mke wangu ameanza kunipimia ugali kama nimeshafukuzwa. Dakika moja tu, ukiona umeona."

Nikabaki. Nawaambieni, katika mambo yote ya siku ile, hilo la kumdanganya mtu aliyefiwa na mama yake ndilo nililolifanya bila hata kufikiri. Lori lilipoondoka Mzee Ambrosi alikuja mpaka mlangoni kwangu na kipande cha muhogo wa kuchemsha kwenye jani. "Nimesikia mtoto anaumwa. Kama unataka kumkimbilia nyumbani nenda, mimi nipo." Nilimwambia amelala, nitakwenda baadaye. Nikaupokea muhogo.

Chumba cha Meneja kilikuwa na funguo mbili, mmoja wake na mmoja wangu, kwa ajili ya mashine. Nilifungua, nikakaa kwenye kiti chake. Skrini ilikuwa inasema yaleyale, imefungwa, anayeweza kuifungua ni yeye au msimamizi. Genereta ilikuwa inanguruma vizuri nje. Nikaandika jina la msimamizi na neno la siri. Mashine ikaniuliza kama nina hakika, ikanionya kwamba kazi isiyohifadhiwa itapotea.

Nilisita, ndiyo. Lakini nilijiambia: huyu ni mwanafunzi wangu bora. Anasevu kila dakika mbili, wakati mwingine anasevu karatasi tupu. Orodha itakuwa kwenye faili zake, nitaisoma, na kwa kutolewa kwake nitatafuta la kusema. Nikakubali.

Skrini ikasafishika. Nikaingia kama msimamizi, nikafungua faili zake zote. Barua za magunia. Ripoti ya magari. Ratiba ya zamu za walinzi. Orodha hakuna. Nikatafuta mashine nzima, nikatafuta tena kwa tarehe, nikatafuta kwa jina langu mwenyewe. Nikafungua droo kuangalia kama kuna flopi, ile diski ya kuhifadhia kazi. Hakuna. Nikakaa pale jasho linanitoka katika baridi ya Mbinga, ndipo nilipolikumbuka lile swali lake. Meneja hakuihifadhi kwa sababu nilimwambia naona kila kilichohifadhiwa. Aliiacha juu ya skrini tu, akaifunga, akaweka mlinzi kwenye genereta. Alikuwa amepanga vizuri kabisa. Kitu pekee alichosahau ni kwamba msimamizi anaweza kumtoa mtu.

Nikatoka kwenye jina la msimamizi, nikafunga chumba. Walirudi saa kumi, viatu vimejaa udongo mwekundu wa Kitura. Meneja akaingia chumbani kwake. Baada ya muda akatoka, uso umemshuka. "Bi Skola, umeme ulikatika?"

Kama angeniuliza nimefanya nini, labda ningesema. Sijui. Lakini yeye mwenyewe alinifungulia mlango, na mimi nikapita mbiombio. "Ndiyo, Mzee. Genereta ilizimika kidogo. Kama dakika mbili hivi."

Alimwita Mzee Ambrosi pale pale koridoni.

"Nilikuambia nini asubuhi?"

"Haijazimika, Mzee. Sikutoka hata kwenda kula."

"Bi Skola anasema ilizimika."

Mzee Ambrosi alinigeukia. Hakuwa na hasira, alikuwa ananisubiri niseme. Aliningoja kama alivyokuwa anangoja mlangoni kabla ya kuzima. Mimi nilikuwa nimeshika daftari, nikalitazama daftari. Kapinga alikuwa amesimama nyuma yake, naye akatazama viatu vyake. Meneja akasema, "Basi," akarudi ndani na kufunga mlango.

Kesho yake aliiandika upya tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akaichapisha papo hapo. Jumatatu ikabandikwa ubaoni. Majina hayakupangwa kwa herufi wala kwa idara. Kapinga alikuwepo, wa tatu. Mimi sikuwepo. Jina la mwisho kabisa, chini ya yote, lilikuwa la Mzee Ambrosi.

Siku aliyoondoka alipata nafasi kwenye lori la samaki lililokuwa linarudi ziwani tupu. Ofisi nzima ilitoka kumuaga. Mimi nilikuwa ndani natengeneza printa ambayo haikuwa na ubovu wowote.

Nilibaki kazini mpaka ofisi yenyewe ilipokufa, na tangu wiki ile nilikuwa mkali kuliko mkaguzi. Masharti niliyoyaweka ni haya, mnaweza kuyatumia. Jina la msimamizi usilitumie kwa kazi zako za kila siku; uwe na jina la kawaida kama wenzako, na lile la usimamizi neno lake la siri likae kwenye bahasha iliyogundishwa, bahasha ikae kwa mtu mwingine. Mashine ya mtu iliyofungwa haifunguliwi na mtu mmoja peke yake: mnakaa wawili, mnaandika kwenye daftari saa na sababu, na mwenyewe anaambiwa kabla ya mtu yeyote. Weka mashine zijifunge zenyewe baada ya dakika kumi, maana binadamu atasahau au ataona haya. Na bosi akikuuliza unaweza kuona nini, mwambie na usichoweza, usijisifu. Vijana walioajiriwa baadaye walinicheka kwa hiyo bahasha. Waliniita Mama Bahasha. Nilikubali.

Kapinga alifungua duka la mbegu na akafanikiwa kuliko sisi wote. Tulikutana mara nyingi, na katika miaka hiyo yote hatukuitaja ile siku. Meneja Masunga alihamishwa, na nilipopata ujasiri wa kumwandikia nikaambiwa ameshafariki. Basi alibaki mmoja tu.

Nilichelewa mno kwenda Lituhi. Kila mwaka nilipanga, kila mwaka nikapata sababu. Nilipokwenda hatimaye nilikuwa nimeshastaafu, na barabara ilikuwa imejaa malori ya makaa ya mawe kutoka mgodi wa Ngaka, nikafika kwake gauni la kitenge limekuwa jeusi mabegani. Nilimkuta uani akichambua usipa juu ya uchanja. Amekonda, amekuwa mfupi, na hakuwa na koti.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Skola. Wa Mbinga."

"Skola," akasema. "Kaa, mwanangu."

Sikukaa. Nilimweleza nikiwa nimesimama, yote, kuanzia Kapinga nyuma ya lori mpaka lile daftari nililolitazama. Yeye aliendelea kuchambua, wakubwa huku, wadogo huku, takataka chini.

"Kwamba haikuzimika nilijua," akasema. "Nilikuwa nimekaa ubavuni pake. Na kwamba uliingia kwa Meneja nilijua, nilikuona ukitoka. Nilikasirika miaka michache, baadaye ikaisha. Kuna kitu kimoja tu nilikuwa nataka kukijua, na nilijua iko siku utakuja nikuulize."

"Niulize, Baba."

"Katika ile orodha ya kwanza. Jina langu lilikuwemo?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nimejiandaa kufukuzwa, nimejiandaa hata kusamehewa. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Sijui, Baba. Sikuiona. Nilipofungua, ilipotea."

Hapo mikono yake ikasimama. "Hukuiona kabisa?"

"Hata jina moja."

"Mimi miaka yote hii," akasema polepole, "nilikuwa najiambia, angalau Skola anajua."

Mkewe alileta ugali wa muhogo na usipa wa kuunga, tukala. Mzee Ambrosi aliniuliza habari za watoto, mmoja mmoja kwa jina, nikamjibu. Aliuliza kama baridi ya Mbinga bado ni ileile. Nilipoaga nilisimama kidogo pale uani nikingoja, maana kwao na kwetu mwenyeji huinuka akamsindikiza mgeni, hata kama ni hatua kumi tu, hata kama ni mgonjwa anayejikongoja. Mkewe alimtazama. Yeye akasema, "Safari njema, mwanangu," akavuta ungo wa usipa magotini, akabaki amekaa. Nikatembea peke yangu mpaka barabarani.